Ngazini kwa Bi Zuhura

Wiki iliyopita tulimzika Bi Zuhura. Baada ya maziko, wanaume tulirudi nyumbani kwake Mji wa Kale, tukakaa chini katika chumba ambacho zamani kilikuwa ofisi yake ya uwakala wa mizigo, na sasa kilikuwa kimetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta. Juu, wanawake walikuwa wakisoma hitima. Bwana mmoja wa makamo, wa upande wa mume wake wa pili, alinipa kikombe cha kahawa na kuniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, wewe ni nani kwa marehemu?" Nikamjibu, "Nilimfanyia kazi." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugawa kahawa. Jibu lilikuwa la kweli, lakini nilipokuwa nikirudi kwangu jioni ile niliona nimelikata fupi mno, kama mtu anayekata kitambaa huku akijua hakitatosha.

Wenzangu wakisimulia maisha yao huanza na ujana. Mwaka ulionifunza mimi ulinikuta mvi zishatoka, mke tumeachana, na ghala moja la Shimanzi limenipunguza kazini kwa sababu sikujua kompyuta. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na hasira nyingi, na ile hasira ndiyo iliyonifunza kompyuta. Bwana Said, mume wa kwanza wa Bi Zuhura, alikuwa ameshanichukua katika ofisi yake ndogo. Ilikuwa chini ya nyumba yao: meza tatu, kabati la chuma, feni iliyolia kila ikigeuka upande wa mlango, na harufu ya karatasi, chokaa na hiliki, maana chai ilishuka kutoka juu mara mbili kila siku. Bwana Said alikwenda bandarini na kuongea na watu. Bi Zuhura ndiye aliyejua kazi ya mezani. Ukimtajia bidhaa yoyote, vigae, vipuri au maziwa ya unga, alijua mara moja iandikwe katika fungu lipi la ushuru wa forodha ili mzigo utoke bila kukwama. Mimi nilikuwa mtu wa mashine.

Bwana Said alifariki ghafla mwanzoni mwa mwaka ule, Mungu amrehemu, na Bi Zuhura akaingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani jamaa asiyeruhusiwa kumwoa. Kazi haikungoja. Kabla matanga hayajaondoka, kompyuta ya zamani ya ofisi nayo ilikufa, na programu yetu ya karatasi za mizigo haikukubali kompyuta mpya. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu anaweza kuiweka kompyuta nzima ya zamani ndani ya kompyuta mpya, ikaishi humo ikidhani iko peke yake duniani. Nikaifanya hivyo ndani ya laptopu. Niliichomekea waya wa mtandao pale ofisini, na ile kompyuta ya ndani ikaamka, ikaiona printa, ikachapa. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile. Mpango ulikuwa mwepesi: laptopu ipande juu kwa Bi Zuhura, yeye afanye kazi chumbani mwake kwa waifai, karatasi zitoke kwenye printa chini, mimi nizichukue nizipeleke bandarini.

Mpango huo ulikuwa na mtu mmoja asiyeupenda. Bwana Swaleh, mdogo wake marehemu, alikuwa na ofisi yake Shimanzi, kati ya maghala na malori, na aliona jambo la maana ni kuhamishia wateja wote kwake. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa dhati kwamba mwanamke aliye katika eda apumzike. Lakini sote tulijua wateja wakivuka kwenda Shimanzi hawatarudi, na Bi Zuhura akitoka eda atakuta chumba kitupu, abaki mtu wa kuletewa habari za kazi aliyoijenga mwenyewe. "Nina safari ya Dar," Bwana Swaleh alisema. "Kabla sijaondoka nitapita. Nikikuta hii mitambo yenu haijakaa sawa, nahamisha."

Basi nikawa mtu wa ngazini. Ngazi za nyumba ile zilipanda zikakunja kona, na baada ya kona palikuwa na pazia zito mbele ya chumba cha Bi Zuhura. Mimi nilikaa kwenye kona, mgongo ukutani. Mbele ya pazia, juu ya kigoda, alikaa Bi Kibibi, shangazi yake mzee, na maneno yote yalipita kwake.

"Bi Kibibi, mwambie aiite printa."

"Aiite? Kwa sauti?"

"Aiandikie amri, Bi Kibibi. Yeye anajua."

Vidole vikigonga ndani. Kisha: "Yuwasema imeita mara nne, haikuitikiwa."

"Mwambie abonyeze ile alama ya chini kulia."

"Kulia kwake au kulia kwako?"

"Kwake."

"Sema basi. Mimi nimekaa kati hapa, kulia zangu ni mbili."

Baada ya siku chache za hivyo, koo lilimkauka Bi Kibibi. Asubuhi moja, sinia ya mahamri na mbaazi ikiwa katikati yetu kwenye kidato cha ngazi, alisema akinikodolea macho, "Semani wenyewe. Mimi nakaa hapa na mato yangu nayafungua." Sauti ya Bi Zuhura ikaja moja kwa moja kutoka nyuma ya pazia, nyepesi na ya taratibu: "Bwana Athman, sabalkheri. Laptopu yenyewe inafungua habari za dunia nzima. Ile ya ndani haipati hata anwani. Mbona moja ipate na nyingine ikose?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Lau ningelikaa nalo, nisingekuwa na mengi ya kusimulia leo. Lakini sikulijua jibu, na kusema sijui mbele ya pazia lile kulinishinda. Nikamwambia ni kuta. Nilimweleza kwa ufasaha mkubwa kwamba kuta za mawe na chokaa za nyumba zetu ni nene, kwamba wimbi likishapenya huwa limechoka, laptopu ya nje inaliwahi, na likifika kwa ile ya ndani limekwisha. "Hm," akasema. Sasa ninapoikumbuka ile "hm," nasikia kwamba hakuamini, na kwamba alinistahi.

Kwa kuwa nilishasema ni kuta, ikabidi kuta zishughulikiwe. Nilimleta fundi. Bi Kibibi alisimama juu ya ngazi, mikono kiunoni. "Nyumba hii imewazika wazee wangu haina ufa. Wewe waja kuitoboa ipite nini?"

"Mtandao, Bi Kibibi."

"Upite mlangoni kama watu."

Fundi alichonga kutwa, vumbi la chokaa likaingia mpaka kwenye chai, na tundu likatoka juu ya kabati la ofisi likapanda mshazari hadi karibu na pazia. Upana wake ulitosha mkono. Niliweka kisanduku cha waifai kwenye mdomo wa tundu, nikakimbia ngazini. Bi Zuhura akasema vile vijistari vya nguvu ya mtandao vimejaa vyote. Kompyuta ya ndani haikupata kitu. Kwa tundu lile ningeweza kupitisha waya tu, kazi ikaisha adhuhuri ileile. Sikufanya hivyo. Ningepitisha waya, ningekuwa nimekubali kwamba kuta nilizosingizia hazikuwa na hatia. Nikasema wimbi linahitaji antena kubwa zaidi, na kwamba itabidi tuagize.

Siku zile, lazima niseme, zilikuwa njema kwangu. Nilikuwa nimeishi muda mrefu bila mtu wa kuniuliza kitu akangoja jibu. Pale ngazini nilijifunza kumjua mtu kwa sauti. Nilijua amelia usiku kwa namna alivyotamka salamu. Nilijua anatabasamu kwa kuwa maneno yalitoka mapana. Mara moja alianza kusoma maandishi ya Kiingereza kwenye kioo cha laptopu, akakatiza katikati, akasema, "Said angekuwepo angeipiga kofi." Nikacheka, kisha nikaona haya kucheka katika nyumba ya msiba, lakini yeye naye alikuwa akicheka, na Bi Kibibi akasema, "Haya, haya," bila ukali.

Bwana Swaleh alipita alasiri moja. Alikaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake, akaweka funguo mezani.

"Athman, nataka neno moja. Inafanya kazi au haifanyi?"

"Hapa chini inafanya vizuri sana, Bwana Swaleh."

"Na juu?"

Nilitazama feni. Niliogopa kupoteza kazi mara ya pili kwa sababu ileile ya kwanza. Nikasema, "Juu, Bi Zuhura bado hajazoea. Mambo haya yataka mkono uliozoea. Nikimwelekeza hapa, anabonyeza kule."

"Nilijua," akasema, kwa huruma kabisa. "Mtu yuko katika msiba. Si kosa lake. Nikirudi kutoka Dar tutahamisha, naye apumzike."

Akaondoka. Nikasikia juu yangu kigoda kikisogezwa, na pazia likivutwa. Nikainua macho juu ya kabati. Tundu nililotoboa lilikuwa pale, limeelekea moja kwa moja kwenye chumba chake.

Kesho yake nilipanda ngazi na daftari langu la hatua. Bi Kibibi alikuwa kwenye kigoda chake, lakini hapakuwa na sinia.

"Sabalkheri, Bi Kibibi."

"Sabalkheri. Leo hapana kazi."

"Anaumwa?"

"Yu mzima. Yuwasema hajui kompyuta."

Nilishuka. Sikwenda nyumbani, maana ningemwambia nani? Nilikaa kwenye daka, mlangoni, nikiwa na karatasi mfukoni niliyoichapa katika duka la intaneti kule Buxton, maelezo ya Kiingereza kuhusu kompyuta za ndani na waifai. Nilikuwa nimeisoma tena na tena bila kuielewa. Wakaja wanawake wawili. Wa mbele akapiga hodi, Bi Kibibi akauliza juu ni nani, akajibiwa ni Rukia. "Pita, Rukia." Wakapanda wote wawili, na sauti ya Bi Kibibi ikawazuia konani.

"Rukia nimemwitika. Huyu nyuma yako?"

"Ni jirani yangu, tumefuatana. Ana neno la kumpa pole mfiwa."

"Mimi simjui, na hakupiga hodi. Leo mwenyewe hataki wageni. Neno lake akupe wewe, ukamwambie kwa kinywa chako. Na jibu utatoka nalo wewe."

Yule jirani akashuka, akakaa nami dakani, tukaamkiana. Mimi nilikuwa nimeshaitoa karatasi. Sentensi ileile iliyonishinda sasa ilisomeka kama iliandikwa nyumba ile. Kisanduku cha waifai hufungua mlango kwa jina moja tu, jina la ile kadi ya mtandao ya laptopu iliyobisha. Mimi nilikuwa nimeipanga kompyuta ya ndani isimame kwa jina lake yenyewe, anwani yake yenyewe, ikitoka nyuma ya mgongo wa laptopu. Waya hauulizi majina, ndiyo maana ofisini ilikubalika. Waifai inauliza, na kwa jina lisilobisha hodi haijibu, iwe kuna ukuta au uwanja mtupu. Kulikuwa na mpango mwingine, hatua nne tu za kubonyeza, ambamo kompyuta ya ndani ingeipa laptopu maneno yake, nayo laptopu ingeyatoa kwa jina lake na kuirudishia majibu. Bi Zuhura aliniuliza tangu siku za mwanzo kwa nini moja ipate na nyingine ikose, na jibu lilikuwa ndani ya swali lake. Kila nilipomwambia bonyeza, alibonyeza palepale.

Sikupanda kujaribu. Niliona kwamba nikitengeneza kwanza, nitajificha nyuma ya ufundi. Nilikwenda Shimanzi kwa miguu, juani, malori yakinipulizia moshi, nikamkuta Bwana Swaleh akifunga mkoba wa safari.

"Bwana Swaleh, nililosema jana si kweli. Bi Zuhura hana kosa. Kosa ni langu. Niliipanga vibaya, nikasingizia kuta, halafu nikamsingizia yeye."

Alinitazama. "Jana yeye. Leo wewe. Nishike lipi?"

"La leo."

"Kwa nini la leo?"

"La jana nilikuwa nalinda kazi yangu."

"Na leo hulindi?"

"Leo naona haya."

Alitikisa kichwa kama anayesikia habari za mtu mwingine. "Naondoka Ijumaa baada ya sala. Nitapita. Nitasimama mbele ya printa. Ikitoka karatasi ya ule mzigo wa vipuri uliofika bandarini, imepangwa sawasawa, mimi nanyamaza. Isipotoka, Athman, usinieleze tena habari za kuta."

Nilirudi, nikakaa konani. Bi Kibibi alitaka kunifukuza, kisha akaniangalia viatu vilivyojaa vumbi, akaacha.

"Bi Zuhura," nikasema, "nimetoka Shimanzi. Nimemwambia shemejio kosa ni langu."

Akauliza: "Yeye umemwambia. Mimi waniambia nini?"

"Kwamba ulifanya kila nilichokwambia, sawasawa, na mimi nilikusemea uongo. Nisamehe."

Nyuma ya pazia kiti kililia. "Shangazi," akasema, "mwambie Bwana Athman asome hatua ya kwanza."

Nilirudishwa nyuma ya mjumbe, na nilistahili. Nikasoma: kompyuta ya ndani izimwe kwanza. Bi Kibibi akakariri. Ifunguliwe orodha ya mipangilio, upande wa mtandao. Bi Kibibi akakariri, akakosea, akarekebishwa na sauti kutoka ndani ambayo haikuwa ikiongea nami. Ichaguliwe njia ya pili badala ya ya kwanza. Iwashwe. Tukangoja, sote watatu, tukisikiliza feni ya laptopu ikianza kuvuma.

"Imepata anwani!" Bi Zuhura akapaaza sauti. "Bwana Athman, imepata! Naiita printa. Imeitika. Imeitika tena." Akanyamaza ghafla, kama aliyekumbuka kwamba alikuwa hasemi nami.

Ijumaa, Bwana Swaleh alikuja na kanzu yake ya msikitini. Alisimama mbele ya printa, mikono nyuma. Nilitaka kupaaza sauti kumwambia Bi Zuhura aanze, lakini hakungoja neno langu. Printa ilikohoa, ikavuta karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bwana Swaleh alizichukua zikiwa bado na joto. Alisoma taratibu, mtu anayeijua kazi. Alipofika karatasi ya tatu alisimamisha kidole.

"Hizi beringi za magurudumu," akasema kwa sauti ya kutosha kufika juu, "mimi ningeziandika pamoja na vipuri vingine."

"Na mzigo ungekaa bandarini mwezi," sauti ikamjibu kutoka kwenye tundu la ukutani. "Zina fungu lake, shemeji. Tazama tena."

Akatazama tena. Uso ulimbadilika kidogo, akakunja karatasi vizuri, akaziweka mezani badala ya kuondoka nazo. "Haya," akasema. "Shemeji, nakwenda Dar. Wahitaji kitu?"

"Salama yako tu."

Alipotoka, nilipanda ngazi nikamkuta Bi Kibibi ameuma upindo wa leso kwa meno, machozi yanamtoka, maana kigelegele kilikuwa kimemjaa na nyumba ilikuwa bado ya eda.

Bi Zuhura alitoka eda, na baada ya siku mbili tatu alishuka ofisini. Nilikuwa nimefuta meza yake mara nyingi kupita haja. Aliingia, buibui lake jeusi, uso umekonda kuliko nilivyoukumbuka, tukaamkiana. Akakaa. Nikakaa. Halafu hatukujua la kufanya. Kwa miezi ile tulikuwa tumeongea kila siku kama watu waliojuana tangu utoto, na sasa tulipoonana kila mmoja aligeuka mgeni. Mimi nilitazama feni. Yeye alitazama mikono yake. Alianza sentensi kuhusu mzigo wa vigae akaiacha, nikaanza yangu nikaiacha. Mwishowe akacheka, akajifunika mdomo.

"Bwana Athman, hivi siwezi. Tafadhali, geuza kiti."

"Nikigeuze?"

"Kielekee ukutani. Kama ngazini."

Nikakigeuza. Nikakaa nikitazama chokaa, mgongo kwake, na papo hapo sauti yake ikarudi, ileile, ya taratibu, ikaniuliza kama nimelala vizuri. Tukafanya kazi hivyo asubuhi nzima, tukisemezana na kucheka, na chai iliposhuka Bi Kibibi alituona akasema tumerukwa na akili.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Ofisi ilibaki kwake na wateja walibaki. Niliendelea kukaa vile, mgongo kwake, hata baada ya wote wawili kuzoea, na wateja walidhani ni tabia yangu. Siku alipoposwa na bwana mmoja wa Kizingo, mtu mwema aliyefiwa na mkewe, mimi ndiye niliyeambiwa naye kwanza, kutoka nyuma yangu, na baada ya kuniambia alingoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kusimama, kukamata kiti na kukigeuza. Nilimwambia, "Mungu atie heri," na nikaendelea kutazama ukuta.